Mtoto wa Sanduku la Kumi na Nne

Sosiot
21 Mei 1995

...na hilo la pili, mpenzi wangu, ambalo karatasi ya Jumanne iliisha kabla sijalifikia, ni kwamba nimezoea kusema "mume wangu" hadi watu wananikimbia. Jana dukani kwa Nyaberi niliomba sabuni nikaongeza, "Mume wangu hupenda ile ya kijani." Nyaberi akaniuliza, "Na mume wako si yuko Misri? Ataiogea akiwa huko?" Duka zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Acha wacheke. Hawajui ninavyoamka asubuhi nikiangalia pete yangu kabla sijaangalia hali ya hewa.

Tulikaa pamoja wiki sita tu, Kipkosgei! Harusi Desemba, na mwisho wa Januari ndege ikakumeza. Lakini zile wiki sita nazitumia polepole, kama mtu mwenye chumvi kidogo. Nikiwa shambani, nikichuma majani chai, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, huwa najiambia: jani hili ni mimi, jani hili ni wewe, na kichipukizi ni... Sitasema. Mama amenikataza. (Nasema Mama, mama yako, ambaye sasa ni wangu pia na hataki nimwite vingine.) Alisema, "Mambo mengine hayatiwi stempu." Kwa hiyo sijaandika kitu, na wewe hujasoma kitu.

Sasa nikuulize. Mbona unanificha kazi yako? Ulisema ni kozi ya eksirei, mwaka mzima, halafu unarudi Kaplong kwenye mashine yako. Lakini Obure, ambaye sasa ndiye anakaa kwenye kiti chako pale hospitali, alinikuta sokoni akasema, "Shemeji, bwana yako huko anapiga picha wafu." Nilimwambia ni muongo. Ni muongo, sivyo? Nitumie kitu cha kazi yako nimwonyeshe.

Ni mimi wako, wako, wako,
Chepngetich


Cairo
6 Juni 1995

Mke wangu Chepngetich,

Obure si muongo sana. Niliogopa kukuambia, kwa sababu najua nyumbani mtu aliyegusa maiti hapewi mkono mpaka aoge mtoni, na mimi nawagusa kila Jumatatu na Alhamisi.

Ni hivi. Jumba la makumbusho hapa lina masanduku kumi na manne yenye vifurushi ambavyo havijawahi kufunguliwa. Waliomba hospitali yetu iwasaidie kujua kilichomo bila kukata vitambaa. Ni mumia, watu wa kale waliokaushwa na kufungwa vitambaa, na karibu wote ni watoto wachanga. Daktari Nadia, anayetufundisha, alinichagua kwa sababu alisema mikono yangu haina haraka. Mimi ndiye ninayewatoa kwenye masanduku na kuwalaza juu ya meza. Mwepesi zaidi ana uzito wa mkate. Naona aibu kukuambia kwamba wa kwanza nilimwomba radhi kwa Kikipsigis.

Tumeona mambo ya ajabu. Kifurushi kimoja kilikuwa na mifupa ya ndege tu, mtu alidanganywa miaka elfu mbili iliyopita. Kingine kina mtoto ambaye miguu yake imeongezewa matete ili aonekane mrefu. Daktari Nadia anasema labda wazazi walitaka aende akiwa amekua kidogo.

Uliomba kitu cha kazi yangu. Nimekutumia filamu moja, ya mtoto wa sanduku la kumi na nne. Ilitoka na doa kwenye pembe, jumba halikuihitaji. Nimempa fundi mwenzetu wa Sotik anayerudi nyumbani, atamwachia Obure. Barua hii itafika kabla yake, ndiyo maana naeleza hapa. Mtoto huyo hana jina, ana namba tu. Alikufa zamani sana, usiogope. Itazame kwenye mwanga wa dirisha. Ila tafadhali, Mama asiione.

Nakukumbuka kuliko ninavyojua kuandika.

Mumeo,
Kipkosgei


Sosiot
18 Juni 1995

Mpenzi wa roho yangu! Ulijuaje? Nani alikuambia?

Barua yako haijafika lakini picha imefika, na picha imesema yote. Nimelia, nimecheka, nimelia tena. Sasa siri imeisha, kwa hiyo naandika kwa herufi kubwa: NINA MIMBA. Miezi mitano na zaidi. Ni cha Januari, kichipukizi chetu! Na wewe, mume mwenye akili kuliko waume wote wa Belgut, ukakisia kutoka kwa majani mawili, ukanitumia picha ya mtoto akiwa tumboni mwa mama wa huko, nijue wetu anavyofanana sasa. Mikono midogo, mbavu kama meno ya kitana! Ni mtoto wa nani? Mama yake anajua amenikopesha mwanawe?

Lakini ngoja nikusimulie kilichotokea, maana mpaka sasa Sosiot haijatulia.

Nilikuwa nimekwenda Bomet kwetu siku mbili. Obure akaja na ile bahasha kubwa, akampa Mama mkononi: "Hii ni ya Chepngetich, imetoka eksirei." Ni hayo tu aliyosema, alikuwa na haraka. Sasa fikiria. Fundi wa eksirei wa Kaplong, bahasha ina jina langu, na ndani kuna mifupa ya mtoto. Mama alifikiri nilipita hospitali nikapigwa picha kimya kimya. Mtoto wetu! Akaita majirani.

Niliporudi niliwakuta wanawake saba sebuleni. Filamu imebandikwa dirishani kwa unga uliokorogwa. Kogo Cherotich, yule nyanya wa ng'ambo ya kijito, amekaa mbele yake na kopo lake la ugoro. Unajua kinachoendelea? Walikuwa wanaita kurenet! Wanamwitia majina ya mababu mpaka apige chafya!

Nasikia mmoja alikuwa amepinga. "Kurenet ni ya siku mtoto anapozaliwa, mtoto huitwa akishaona mwanga." Kogo akamjibu, "Na huyu yuko wapi? Si yuko dirishani? Mwanga gani mwingine unataka?" Na Mama, ambaye hujua desturi kuliko wote, hakukataa. Yeye ndiye aliyekuwa na haraka zaidi.

Basi nikasukuma mlango wakati Mama anasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Je, ni wewe, Arap Kiptum?" Baba yako, marehemu. Na ugoro ulikuwa umejaa hewani, Kip. Nikapiga chafya. Kubwa! Walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Kogo akanishika tumbo akasema, "Amejibu kupitia kwa mama yake! Arap Kiptum amerudi!" Kisha wakaomba sala ya kanisa ili kila upande uridhike, na tukanywa maziwa ya mursik.

Ningewaambiaje kwamba ule si mtoto wangu? Mama alikuwa analia. Niliacha. Si vibaya, sivyo? Ni jina zuri, na mtoto wa picha na wetu wamegawana furaha.

Andika upesi uniambie ulivyojua.

Mama Arap Kiptum mdogo (naona aibu, naona raha),
Chepngetich


Sosiot
29 Juni 1995

Kipkosgei,

Barua yako ya tarehe sita imefika leo, nafikiri ilizunguka dunia nzima kwanza. Nimeisoma kwenye ghala la majani chai, nimesimama, na kikapu mgongoni.

Amekufa. Yule mtoto amekufa.

Nimerudi nyumbani nikaitazama tena filamu. Mama ameihifadhi ndani ya Biblia kubwa, katikati ya Zaburi, na kila asubuhi huifungua kidogo akaisalimia. Leo asubuhi alisema, "Chamgei, Arap Kiptum." Nami nilikuwa namwaga uji nikaitikia kwa niaba yake, nikicheka. Kumbe tulikuwa tunamsalimia maiti.

Sijamwambia mtu. Nani nitamwambia? Wanawake saba waliita jina la baba yako juu ya mtoto aliyekufa, na kuna aliyeitika. Mchana najiambia ulikuwa ugoro. Lakini nikiwa peke yangu najiuliza: kama Arap Kiptum alisikia na akaja, alikwenda kwa nani? Kwa wangu, au kwa yule aliyekuwa dirishani? Na kama amekwenda kwa yule, wangu amebaki na nani?

Siogopi wewe. Naomba ulijue hilo. Naogopa tu mikono yako kidogo, na ndiyo mikono ninayoipenda kuliko kitu chochote. Inawezekanaje?

Chepngetich


Cairo
12 Julai 1995

Mpenzi wangu, mama wa mtoto wangu,

Barua zako mbili zimefika siku moja. Nilifungua ile ya furaha kwanza. Nilitoka nje ya bweni nikamkumbatia mlinzi, ambaye hajui Kiswahili, akanikumbatia pia. Halafu nikafungua ya pili.

Nisamehe. Sikujua una mimba. Ningejua, mkono wangu ungekatika kabla ya kutia filamu ile kwenye bahasha. Nilitaka tu uone kitu kilichonigusa moyo.

Sikiliza. Ni mtoto wa zamani tu. Hakuna kitu ndani ya filamu hiyo cha kukuogopesha. Hakuna kabisa. Chafya ilikuwa ya ugoro wa Kogo Cherotich, ambao unaweza kumfanya hata fahali apige chafya. Usimwambie Mama, atavunjika moyo. Itoe kwenye Biblia pole pole, uiweke ndani ya lile sanduku langu la bati chini ya kitanda. Igeuze uso chini.

Nenda kliniki kila wanapokuita. Kula. Usibebe kikapu kilichojaa. Nimemwambia Daktari Nadia kwamba nitakuwa baba, akaniuliza kama nataka kuacha kazi ya masanduku. Nimesema hapana, kisha nikanawa mikono mara tatu.

Nakupenda, na yeye nampenda ingawa hajaniona.

Kipkosgei


Sosiot
27 Agosti 1995

Mume wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Nilitaka iwe ya mapenzi, kama zile za kwanza. Nataka bado tuwe watu wale wa wiki sita.

Jana nilikwenda kliniki Kaplong. Nesi Janefer Kemuma, yule Mkisii mnene anayekutania, alinipapasa tumbo. Akapapasa tena. Akasema, "Huyu bwana mdogo amelala kama mtu aliye kwenye machela. Kichwa huku, makalio kule. Anatakiwa ageuke." Nikamuuliza, na asipogeuka? Akasema, "Bado kuna wiki kadhaa, usinitolee macho. Lakini daktari anataka picha moja, ajue kichwa na mikono viko wapi. Nenda kwa Obure sasa hivi."

Nilifika mlangoni kwa Obure. Niliona meza yako, ile uliyoniambia ni baridi kama mto. Akaniambia, "Karibu shemeji, panda, ni dakika moja." Na ukutani kwenye ile taa yenu kulikuwa na mifupa ya mtu.

Nilikimbia. Kweli nilikimbia, na tumbo hili. Obure aliita, "Shemeji! Simba hayuko humu!" Sikurudi.

Usinione mjinga. Nimesoma mpaka kidato cha nne, biolojia nilipata alama nzuri. Najua eksirei ni mwanga. Lakini mtoto wa kwanza niliyemwona kwa mwanga huo alikuwa amekufa, na akapewa jina la wangu. Nikimpiga wangu picha, atakuwa namba kumi na tano. Na tazama, amelala kwa upana! Mama huwa anasema mtu akipotewa na njia husimama kukingama. Nafikiri anatafuta jina lake na hajui liko wapi.

Mama sijamwambia kitu. Nimemwambia kliniki walisema ni sawa. Anafuma kofia ndogo na kuimba. Nikimtazama nataka kupiga magoti nimweleze yote, halafu naona ile Biblia. Filamu bado imo. Sikuweza kuitoa, huifungua kila siku.

Nesi Janefer alisema uchungu ukianza akiwa hivi nisingoje hata kuchemsha chai. Lakini sitapigwa picha. Nimeamua. Nitajifungulia hapa nyumbani, nikizalishwa na Kogo Cherotich, yeye amewashika watoto wengi mikononi mwake, nao wako hai wote.

Niambie nimeamua vizuri. Au usiniambie kitu, niambie tu unanipenda.

Chepngetich


TELEGRAMU
Cairo, 9 Septemba 1995

CHEPNGETICH SOSIOT. USIJIFUNGULIE NYUMBANI. NENDA KAPLONG LEO. PIGWA PICHA. BARUA INAKUJA. NILIKUFICHA JAMBO. KIPKOSGEI


Cairo
9 Septemba 1995

Mke wangu,

Telegramu imetoka asubuhi. Hapa naandika lile nililokuficha. Naomba ulisome ukiwa umekaa, na kama unaweza, Mama awe karibu.

Nilikuambia hakuna kitu cha kuogopesha ndani ya filamu. Nilidanganya. Nilidhani nakulinda.

Itoe kwenye Biblia. Iweke dirishani tena, kama walivyoiweka. Sasa tazama mkono wa kulia wa mtoto. Mkono wa kushoto umelazwa ubavuni, kama wanavyolazwa wote. Wa kulia uko juu ya kichwa, umenyooka. Labda wewe ulidhani anapunga mkono, nami siku ya kwanza nilidhani hivyo. Niliuliza, "Kwa nini huyu tu?" Daktari Nadia aliisogeza filamu karibu na taa. Alisema hawezi kuapa, lakini anafikiri mtoto huyu alikuwa amelala kwa upana tumboni mwa mama yake. Uchungu ukaanza, mkono ukatangulia kutoka, na mwili haukuweza kuufuata. Waliomfunga vitambaa walijaribu kuushusha ule mkono, wakashindwa, wakaufunga ulivyo. Begani kwenye kifurushi kuna nundu, niliigusa kwa kidole changu.

Sanduku la kumi na tatu ni la mwanamke kijana. Masanduku hayo mawili yalitolewa kaburi moja.

Chepngetich, mama yule hakuwa na mtu wa kumwambia mtoto amelalaje. Hapakuwa na Nesi Janefer wala Obure. Picha yao imepigwa sasa, mimi ndiye niliyeipiga, na imechelewa miaka elfu mbili. Kila nikiwaza mlango ule ulioukimbia, naona mkono huu.

Haikuwa picha iliyomuua. Alikosa picha. Huo ndio ukweli wote ninaoujua duniani, na kazi yangu yote ni hiyo.

Wewe unaogopa mikono yangu. Basi tumia ya Obure. Ila uende. Nakuomba kama mtu anayeomba maji.

Mwambie Mama kila kitu, hata kama atanikasirikia mpaka nizeeke.

Kipkosgei


Hospitali ya Misheni, Kaplong
30 Septemba 1995

Kipkosgei wangu,

Naandika nimelala, kwa hiyo herufi zinapanda mlima. Usihofu, soma mpaka mwisho.

Telegramu ilifika tarehe kumi na moja. Nyaberi aliileta mwenyewe kutoka posta, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Hata hivyo sikwenda. Nilikaa nayo siku tisa chini ya mto, nikijiambia nitaingoja barua. Siku tisa! Kila tumbo lilipokaza nilishika kuta. Barua ilifika tarehe ishirini. Nikaisoma. Nikaenda sebuleni, nikaitoa filamu kwenye Zaburi mbele ya macho ya Mama, nikaibandika dirishani.

Nikasema, "Mama, huyu si mjukuu wako. Huyu amekufa Misri zamani kabla ya Yesu. Mimi nilijua tangu Juni. Na wangu amelala kama huyu."

Nilingoja anipige. Alinyanyuka akasogea dirishani. Sikumwonyesha mkono, Kip. Aliuona mwenyewe. Aliweka kidole pale pale, juu ya ule mkono, akasema polepole, "Mkono ulitangulia."

Nikamuuliza, "Umejuaje?"

Sasa nakuandikia jambo ambalo wewe mwanawe hulijui. Kabla yako kulikuwa na mwingine. Mama alijifungulia kwenye jiko la zamani, lile lililobomolewa. Mkono ulitoka kwanza, asubuhi, na mpaka kesho yake jioni ulikuwa ni mkono tu. Yeye aliponea chupuchupu. Mtoto hakulia, na kwa kuwa hakulia, hakuitwa. Hakuna aliyemtajia hata babu mmoja. Alizikwa kando ya zizi bila jina. Mama alisema, "Niliushika ule mkono siku nzima. Ulikuwa na joto mwanzoni." Halafu akasema, "Ndiyo maana nilipoiona picha sikutaka kungoja siku ya kuzaliwa. Nilitaka huyu aitwe mapema, kabla jambo lolote halijamfika."

Tulikaa chini sakafuni wote wawili. Kisha akasimama akavaa viatu vyake vya kanisani, akasema, "Chukua kitenge. Twende kwa huyo Obure."

Alinisindikiza mpaka kwenye meza yako. Obure alimwambia, "Mama, wewe huruhusiwi humu." Akamjibu, "Nitoe, kama una nguvu." Basi wakaelewana asimame nyuma ya ule ukuta wenu, na kutoka kule nilimsikia akiomba kwa sauti. Obure akasema, "Shemeji, usipumue." Kip, hilo lilikuwa rahisi, sikuwa nimepumua tangu Juni.

Picha ilipokauka, Nesi Janefer aliiinua kwenye mwanga. Nilijilazimisha kutazama. Mtoto wetu, kwa upana, na mkono mmoja juu ya kichwa. Ule ule wa kulia. Daktari alisema hakuna kurudi nyumbani tena, nilazwe.

Tarehe ishirini na sita walinipasua. Ni msichana. Ni mzima. Amelia mpaka wadi nzima ikaamka, na Mama alipomsikia akakaa chini kwenye korido, akakataa kuinuliwa.

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, walikuja na Kogo Cherotich na ugoro wake. Nesi Janefer alijifanya haoni. Kogo alitaka kuanza na Arap Kiptum, maana alishajibu. Mama akasema, "Hilo lisiitwe. Hilo lina mwenyewe." Wakataja wengine. Mmoja, wawili, watano. Mtoto alitutazama tu. Sita. Mama alinishika mkono, na mimi nilikuwa namwomba Mungu kwa lugha zote tatu. Nilidhani kweli hakuna aliyebaki wa kuja kwake. Ndipo Mama akasema, kama mtu anayekumbuka, "Je, ni wewe, Tapkigen?" Nyanya yake marehemu baba yako. Akapiga chafya! Ndogo kama ya paka. Mpenzi wangu, sijawahi kupenda chafya namna hii.

Akilala huinua mkono wa kulia juu ya kichwa. Kila mara naushusha, na kila mara anaupandisha tena. Nauacha, lakini silali mpaka niusikie una joto.

Mama ana maagizo mawili. La kwanza, mtoto yule wa sanduku aliitwa kwa jina, na jina likiitwa halirudishwi. Anasema Baba alipenda watoto, hatajali kukaa naye. Lakini lazima mtu aende akamwambie mtoto anaitwa nani, na mtu huyo ni wewe. La pili, uje. Ukifika hutamshika binti yako kabla hujateremka mtoni kuoga, nguo zote, hata kama umevaa suti.

Nami nina langu moja tu. Njoo.

Mkeo,
Chepngetich, mama Tapkigen


Cairo
13 Oktoba 1995

Mke wangu, mama Tapkigen,

Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Habari ya yule aliyenitangulia sikuijua. Nimecheza kando ya zizi lile utoto wangu wote.

Agizo la kwanza nimelitimiza jana. Nilimwambia Daktari Nadia ukweli, nikitazamia atanicheka. Alinipa ufunguo akasema, "Nitakungoja nje." Nilivuta sanduku la kumi na nne, na la kumi na tatu nikalisogeza karibu yake ili mama naye asikie. Niliweka mkono juu ya ile nundu begani. Nikasema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu: "Unaitwa Arap Kiptum. Uliitwa Sosiot, na wanawake saba, mbele ya dirisha."

Halafu nilingoja. Nilijua ni vumbi na mifupa, nimewapiga picha wote kwa mikono yangu mwenyewe, hata hivyo nilingoja. Hakuna kilichotokea. Nilipofunga mlango nilikuwa na hofu, na nilikuwa na furaha, na sijui moja ilianzia wapi na nyingine iliishia wapi.

Hospitali imenipa siku kumi za kuja nyumbani kabla ya kumaliza kozi. Mwambie Mama nguo za kuteremkia mtoni nitazitenga ndani ya begi, juu kabisa. Nitaanza na mto, kisha ndipo nimshike Tapkigen, na ule mkono wake usiushushe, uache ulivyo mpaka nije niushike mwenyewe. Nitafika kabla ya mwezi huu kwisha.

Kipkosgei